Reki ya Mtengeneza Sofa

Fundi Meno alikuwa mtu mzuri tu, simsengenyi. Misibani alifika mapema, wagonjwa aliwatembelea, na ukimwazima koleo alikurudishia likiwa limepakwa mafuta. Tatizo lake lilikuwa moja: mtu mwingine akisifiwa mbele yake, chakula hakishuki. Ataweka kijiko chini, ataguna, halafu atasema, "Sawa, lakini..." Na hiyo "lakini" yake ikishatoka, jamani, mtakesha.

Jina la Meno alilipata kwa haki. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyetengeneza reki za boti zote za ghuba ile. Reki ni fremu ya chuma, nzito kiasi kwamba watu wanne huibeba huku wakilaumiana. Chini yake kuna upau wenye meno, na nyuma kuna mfuko uliofumwa kwa pete za chuma. Boti inaikokota chini baharini, meno yanawafukua kombe, wale wa maganda mawili, waliojifukia mchangani, na kombe wanaingia mfukoni. Boti zilikuwa ishirini na mbili, na reki zote zilitoka mkono mmoja. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa umelala sawa mwanzo mpaka mwisho, na mabaharia walisema ukitaka kujua kama reki ni ya Meno usitafute alama, pitisha kidole.

Sasa basi, Fundi Meno alikuwa na mwanyumba wake. Yaani walioa mtu na dada yake: Meno alimchukua mkubwa, na yule mwingine akamchukua mdogo. Mwanyumba huyu alikuwa mtengeneza viti na makochi, mtu mpole, anayeongea kama anaomba radhi, na mji mzima ulimwita Sofa. Ukwe ulipoanza hapakuwa na neno. Neno lilianza siku Sofa alipompelekea mama mkwe kochi la watu watatu. Meno alikuwa ameshampelekea geti la chuma, geti zito, la mwaka mzima wa kukata na kunyoosha. Lakini geti mtu analifungua na kulifunga, kochi analilalia. Kila Meno akienda kusalimia anamkuta mama mkwe amejilaza pale, miguu juu, anasema, "Huyu mtoto Mungu ampe maisha marefu, mgongo wangu umepona." Huyu mtoto ni Sofa. Meno anaitikia amina, na akitoka analibamiza geti lake mwenyewe.

Hayo yalikuwa ya nyumbani, mtu anaweza kuyameza. Ya mkutanoni ndiyo yaliyomshinda.

Siku hiyo chama cha wavuvi kilikutana katika ukumbi wao, ule wenye feni mbili, moja inazunguka na moja inatazama. Afisa wa uvuvi alikuwa amekuja, mwanamama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na alikuwa amepeleka kamera chini ya maji. Akawaonyesha picha ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa sehemu ambayo haijapitiwa: mchanga, majani ya baharini, kaa anatembea na mambo yake, na kombe wadogo wadogo wa ukubwa wa kifungo cha shati. Picha ya pili ilikuwa sehemu ileile siku moja baada ya reki kupita. Mitaro tupu. Majani yameng'oka na mizizi, maganda yamesagika, na kaa amebaki nusu.

"Hawa wa ukubwa wa kifungo ndio mavuno yenu ya mwaka keshokutwa," alisema Afisa. "Mnawasaga leo. Halafu mnakuja ofisini kwangu kuniuliza mbona kombe wamepungua."

Kisha mtu mmoja nyuma, mwenye mdomo wake, akasema, "Meno, umetafuna mpaka mchanga!"

Wakacheka mpaka benchi likalia. Meno naye alicheka, maana ungefanyaje, lakini masikio yalimwaka moto. Miaka ishirini na sita! Nani aliwalisha? Nani aliwasomeshea watoto?

Afisa alisema neno lake. Ipatikane reki inayopunguza uharibifu huo kwa nusu, au ghuba inafungwa misimu miwili. Misimu miwili! Watu waliacha kucheka. Nahodha mkubwa wa chama, mzee mwenye mabega kama kabati, akauliza, "Meno, una lolote?" Na Meno akasema reki ni reki, meno ni meno, usipochimba hupati, kwisha.

Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye kona. "Samahani. Mimi si mtu wa bahari."

Alikuwa Sofa. Wala hakualikwa. Alikuwa ameitwa kuja kutengeneza viti vya ukumbi, na muda wote ule alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti kilichopinduliwa, misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja ndipo akaendelea. "Nauliza tu. Kwani lazima meno yasimame wima kama askari? Kiti ukikikalia, springi inakubali. Ukinyanyuka, inarudi. Kila jino mkilipa springi yake, likikuta jiwe litalala, likishapita litasimama. Na fremu mkiivalisha viatu vipana, itateleza juu ya mchanga. Kwa sasa mnalima."

Meno alicheka kwa sauti. Alicheka peke yake, na alipogundua yuko peke yake alikuwa ameshachelewa kunyamaza. Afisa alikuwa amekwisha chomoa kalamu.

"Wewe ni nani?"

"Mtengeneza viti, mama."

"Kaa hapa mbele."

Kaa hapa mbele! Miaka ishirini na sita hakuna afisa aliyemwambia Meno akae mbele.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa anakata vitunguu. Meno akavua viatu, akavirusha, kimoja huku kimoja kule. "Umesikia mambo ya shemeji yako?"

"Nimesikia. Mama amefurahi huyo!"

"Mama ameshajua?"

"Mama alijua kabla hamjafunga mkutano."

"Mtu wa magodoro," Meno akasema. "Mtu wa magodoro anakuja kunifundisha chuma. Kesho kinyozi atatufundisha kujenga daraja."

Mkewe akafuta macho kwa mkono, vitunguu vile. "Unajiumiza bure, baba watoto. Kuwaza amewaza yeye, lakini nani atamchomelea? Si atakuja kwako? Fundi mwenye cheti cha kuchomelea vyombo vya baharini ni mmoja tu hapa, na ndiye anayerusha viatu jikoni kwangu."

Na kweli, siku ya tatu, saa za alasiri, Sofa akapiga hodi karakanani. Alikuwa na mchoro umekunjwa, una muhuri wa Afisa, na sanduku la springi nene alizozisuka mwenyewe. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza kila kitu kwa sauti ileile ya kuomba radhi. Meno alitaka aone upuuzi kwenye ule mchoro. Aliutafuta juu, akautafuta chini. Hakuuona. Mchoro ulikuwa mzuri. Springi zilikaa mahali pake, viatu vya fremu vilikuwa na upana wa kutosha, na pete za mfuko zilikuwa zimeongezwa ukubwa ili kombe wadogo wapenye warudi zao. Kilichomuuma Meno ni kwamba yeye amelitazama jambo hili maisha yake yote na halikumjia, likamjia mtu aliyekuwa na misumari mdomoni.

"Meno yatokeze vidole vitatu tu chini ya viatu," Sofa alisema. "Afisa amesisitiza. Yakizidi hapo, springi hazitasaidia kitu, itachimba kuliko hata zile za zamani. Kile kidole chenu cha kuchakaa amesema tusiweke."

Kidole cha kuchakaa ni desturi ya kazi ile. Mchanga nao una meno, unalamba chuma kila siku, kwa hiyo fundi akitengeneza jino jipya huliongeza kidole kimoja, liishe polepole. Hakuna anayeandika jambo hilo, mkono unajua wenyewe.

"Sawa," Meno akasema. "Niachie."

Wiki nzima alifanya kazi ile vizuri, nasema ukweli. Fremu aliichomelea kwa mapenzi, kwa sababu mkono wake haukujua kufanya vingine. Alipofika kwenye upau wa meno, akapima vidole vitatu, akaweka alama kwa chaki. Akaitazama ile alama. Akamwona Sofa amekaa mbele ya ukumbi. Akamwona mama mkwe amejilaza. Akasikia tena, umetafuna mpaka mchanga. Akafuta chaki kwa kiganja, akaongeza kidole kimoja. Hicho kilikuwa cha mazoea. Halafu akaongeza kingine, na hicho kilikuwa cha wivu, na yeye mwenyewe alijua.

Vidole vitano. Na Sofa aende nayo baharini ikalime, watu waone mtu wa magodoro.

Kuhusu ghuba kufungwa alijiambia kwamba hawa wa ofisini hutishia kila mwaka. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi la kujiambia. Akaweka upau, akashusha kinyago, akachomelea, mshono mzuri kabisa, umelala sawa mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasaini fomu ya Afisa: nimeitengeneza mimi, kama ulivyo mchoro.

Sofa alipokuja kuichukua aliizunguka reki mara mbili. Akainama, akapitisha kiganja chini, kwenye meno. Akapitisha tena. Meno alijifanya anatafuta bisibisi.

"Asante, mwanyumba," Sofa akasema. "Mkono wako hauna mfano."

Basi, wakaipakia, wakaondoka nayo.

Siku ya jaribio watu walijaa gatini mpaka wengine wakapanda juu ya mapipa. Utaratibu ulikuwa huu: boti moja, boti ya Nahodha, ikokote reki mbili kwa pamoja, ya zamani upande wa kushoto na mpya upande wa kulia, mikokoto minne, na kila mara Afisa ahesabu wazima, waliovunjika na wadogo. Meno alipanda kama mwenye reki ya zamani, na mashine yake ya kuchomelea aliipandisha pia, maana vya baharini huvunjika. Sofa alipanda akiwa amevaa koti la kuokolea lililomzidi, ameshika bomba la ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Kabla hawajang'oa nanga, Afisa akatoa rula mfukoni.

Meno akasahau kamba aliyokuwa anaifunga. Maafisa wote aliowajua hupima kwa macho kisha wanaulizia chai. Huyu amepiga magoti, amelala kabisa, rula chini ya upau! Akaanza kuandaa uongo wake haraka haraka: desturi, mheshimiwa, kidole cha kuchakaa, mkono umezoea...

"Sentimita sita," Afisa akasema. "Vidole vitatu. Sawasawa na mchoro."

Vipi?

Meno akasogea kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Akaangalia. Upau wa meno ulikuwa umekatwa kwa grenda ukarudishwa juu, na mahali ulipokatwa palikuwa na mshono mwingine. Ulikuwa mshono wa ajabu, jamani, umevimba hapa, umekosekana pale, uji uliomwagikia jiko. Huo si mkono wake. Huo ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea kushona vitambaa.

Kwa hiyo anajua. Aliona siku ileile alipopitisha kiganja, akasema asante, akaenda kwake akanirekebisha kimyakimya. Amenirekebisha, mimi! Ungedhani mtu angeona aibu, au angeshukuru kufichiwa. Meno aliona hasira. Alikuwa ameshindwa kwa akili, sasa anashindwa na kwa wema. Mtu akuchukulie vyote? Akuachie basi hata hilo.

Mkokoto wa kwanza ukapanda. Mfuko wa kushoto ulipofunguliwa ukamwaga kila kitu: mawe, majani, kaa wa vipande, kombe wazima na kombe waliosagika. Wa kulia ukamwaga kombe. Kombe wakubwa, maganda yamefumba vizuri, na vijiwe viwili vitatu. Mabaharia walitazamana. Afisa alihesabu mara mbili, akaandika, kalamu inakimbia. Mkokoto wa pili ukawa vilevile. Nahodha akampiga Sofa mgongoni kofi la furaha nusura amtupe majini.

"Sofa, wee! Ulikuwa wapi siku zote?"

Meno akatazama pembeni. Kila neno lilimwingia kama msumari.

Mkokoto wa tatu haukufika mwisho. Kebo ya kulia ilistuka, boti ikalala upande, winchi inayoivuta ikapiga kelele. Walipoinua reki mpya upau wa meno ulikuwa unaning'inia upande mmoja. Jiwe kubwa, kumbe. Springi zote zilikuwa nzima, meno yote yalikuwa mazima. Kilichoachia kilikuwa ule mshono wa uji.

Nahodha akainama, akautazama. Akageuka. "Meno! Hii ndiyo kazi yako? Miaka yote hii leo ndiyo unatufanyia hivi?"

"Huo si..." Meno akaanza, akanyamaza. Akisema si wake, ataulizwa ni wa nani na kwa nini.

"Ni mimi," Sofa akasema. "Fundi hana kosa. Aliitengeneza vizuri, mimi nikaikata nikaichomelea upya."

"Kwa nini?" Afisa akauliza.

"Basi tu. Nilitaka kujaribu mkono."

Watu walimtazama kama amerukwa na akili. Afisa akatoa fomu, akaifungua. "Fomu hii inasema imechomelewa na fundi mwenye cheti, na yeye ameweka saini. Sasa wewe usiye na cheti unaniambia umekata chombo cha majaribio kwa kujifurahisha. Nitajuaje umegusa nini kingine? Nipe sababu ya maana niiandike hapa. Usiponipa, naandika kimechezewa, jaribio limefutika, na ghuba inafungwa kama nilivyosema."

Sofa alimtazama Meno mara moja tu, haraka, kisha akatazama sakafu ya boti. "Sina sababu, mama."

Hapa ndipo palikuwa penyewe. Meno alikuwa na la kufanya jepesi kuliko yote: kukaa kimya. Akikaa kimya, Sofa anarudi kwenye viti vyake akiwa kichekesho mpaka kufa. Mama mkwe atajilaza kwenye kochi akiguna. Na boti ishirini na mbili zitafungwa gatini misimu miwili, na yeye Meno naye atakaa karakanani bila jino la kutengeneza, lakini hakuna atakayejua. Nawaambia kweli, alilifikiria. Alilifikiria muda wa kutosha mpaka Afisa akafunua kofia ya kalamu.

"Andika ni mimi," Meno akasema.

"Wewe nini?"

"Mchoro ulisema vidole vitatu. Mimi niliweka vitano. Yeye aliurudisha tu upau kwenye mchoro wako. Hakugusa kingine."

"Ulikosea kupima?"

Mlango huo ulikuwa wazi, angeweza kupita. Hata Sofa alimfanyia ishara ya kichwa, pita. Na ile ishara ndiyo iliyomchoma, maana hata hapo bado yule bwana anamstiri.

"Sikukosea. Nilifanya makusudi, ili ichimbe, ashindwe. Nilikuwa na wivu. Bado ninao. Andika hivyo, W-I-V-U, kama fomu yako ina nafasi."

Hakuna aliyecheka. Nahodha alimwangalia kwa muda mrefu, mikono kiunoni. "Na watoto wetu, Meno? Wangekula nini?"

"Najua."

"Hujui wewe." Akatema mate majini, akampa mgongo. Na mgongo ule ulikuwa mpana.

Afisa aliandika mistari minne, akampa Meno asaini. "Cheti chako nitakizungumzia ofisini, Jumatatu, saa mbili, usichelewe," alisema. "Kwa sasa fundi mwenye cheti hapa ni wewe tu. Chombo kilikuwa kama mchoro, kilichovunjika ni mshono. Mshono unarekebishwa. Una dakika arobaini kabla maji hayajageuka."

Meno akawasha mashine. Hakuna baharia aliyemsogelea kumsaidia. Aliyekuja kuushika upau mahali pake ni Sofa, amechuchumaa, macho ameyafumba kujikinga na mwanga, koti la kuokolea limempanda mpaka masikioni. Meno alisafisha ule uji wote kwa grenda. Akapima vidole vitatu, akapima tena.

"Ulijua tangu siku ile," alisema chini ya kinyago.

"Tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia? Ungekuja ukanitukana nikakuchomelea upya. Ungeniaibisha kwa mke wangu, kwa mama, nani angekulaumu?"

Cheche ziliruka, zikaisha. "Unadhani nilikustiri," Sofa alisema. "Kila mtu atasema nilikustiri."

"Hukunistiri?"

"Kidogo. Lakini ningetaka kukustiri tu ningekuja kwako usiku nikakuomba urekebishe. Sikuja. Nilikuwa na mashine yangu."

Meno akainua kinyago. "Una mashine ya kuchomelea? Wewe?"

"Mwaka wa sita huu. Iko nyuma ya karakana, nimeifunika turubai, hata mke wangu hajui. Kila jioni nachomelea vyuma chakavu. Naweka mshono wako pale mezani, kipande cha reki ya zamani nilichokiokota gatini, naangalia, najaribu. Haulali. Miaka sita, mwanyumba, haulali!" Sauti yake ya kuomba radhi ilikuwa imekwisha kabisa. "Unajua watu wanasemaje wakikalia kiti changu? Hawasemi kitu. Wanakaa. Lakini wakipita na reki yako kila mtu anasimama apitishe kidole. Nilipoona vile vidole vitano nilikasirika, ndiyo. Halafu nikafurahi. Nikasema sasa nitaikata, nitachomelea mwenyewe, na sehemu muhimu ya reki itakayookoa ghuba hii isiwe ya mkono wa Meno. Nilijua mshono wangu ni dhaifu. Nilijua, nikauacha. Nusura niwafungie watu bahari."

Meno alimtazama. Akadhani atalia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika fremu. Ilikuwa furaha isiyo nzuri, lakini ilikuwa furaha. Mabaharia waligeuka, wakaona mtu aliyetoka kuaibika mbele ya watu wote anacheka na yule aliyetaka kumharibia, wakasema huyu sasa ndiyo amekwisha kabisa.

"Shika vizuri," Meno alisema, akashusha kinyago. "Usitetemeke."

Mkokoto wa nne ulipita juu ya mawe yaleyale. Kebo ilistuka, boti ikainama, ikasimama. Walipoinua, upau ulikuwa mahali pake, meno yakidondosha maji, na mfuko umejaa. Afisa alihesabu waliovunjika, akahesabu wa upande wa pili, akajumlisha yote minne, ule wa tatu akiuandika kwa alama yake. Kisha akasema kwa sauti yake ya mwalimu kwamba ni chini ya nusu, chini kabisa, na kwamba ghuba haifungwi.

Kelele iliyopigwa pale hata gatini waliisikia, wakaijibu. "Sofa! Sofa! Sofa!" Mabaharia walimnyanyua juu juu na koti lake. Hakuna aliyemwita Meno. Na ule uchungu ukamrudia palepale, kifuani, kama kawaida yake, haukupungua hata chembe. Alisimama kando ya winchi akapiga makofi, kwa sababu kupiga makofi ni kazi ya mikono, moyo unaweza kubaki nyuma.

Walipomshusha Sofa, Meno alimtafuta kwa macho, aone anavyojisikia mwenye sifa zote. Sofa hakuwa anawatazama watu, wala kombe. Alikuwa amepiga magoti kwenye reki, watu wakiendelea kuimba jina lake juu ya kichwa chake, na alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono. Alipitisha mara moja, akarudia, akarudia tena. Na uso aliokuwa nao Sofa, Meno aliufahamu vizuri sana.